Lambo Si Jahazi

Baba mkwe wangu, Fundi Gharibu, alilikalafati lambo siku ya Jumamosi baada ya alasiri, na kijiji kizima kilisimama kumtazama. Nami nilikuwapo, Sabah mgongoni, nikapiga vigelegele kama wenzangu. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani nilikuwa na akili kuliko wengine. Akili ilinijia siku ya tatu, nayo ililetwa na nguo za mtoto.

Lambo letu la Kichangani ni tuta la udongo lililokinga bonde dogo, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Burgao. Mtu mzima akisimama chini yake na mwingine akampanda mabegani, huyo wa juu ndiye atakayeyaona maji upande wa pili. Walilijenga babu zetu. Mwaka wa tisini na moja, vita vilipowatawanya watu, wengine Mombasa, wengine kambini, wengine huko kwenye theluji, tuta liliachiwa kenge na mbuzi wa kupita. Mvua zikalitoboa katikati. Tuliporudi mwaka jana, familia kumi na tisa, kazi ya kwanza ilikuwa kuliziba pengo lile, maana kisima cha pwani kina chumvi hata mbuzi hunywa wakikunja pua. Tulibeba udongo miezi minne. Kisha masika yakaingia, mvua za kwanza zikalijaza kwa siku tano, tukapika wali wa nazi tukala pamoja palepale ukingoni, tukiyatazama maji kama watu wanaomtazama bibi harusi.

Wiki haikwisha. Chini kabisa ya tuta, upande mkavu, pakatokea unyevu, na ndani ya unyevu tundu la kuingia kidole gumba, likitoa maji taratibu.

Fundi Gharibu ana miaka arobaini ya kuunda vyombo. Alipiga magoti, akaweka sikio udongoni, akasikiliza, kisha akainuka akijipangusa.

"Kavujo kadogo," akasema. "Chombo kisichovuja ni kile ambacho hakijaundwa."

Akaleta patasi na nyundo yake ya mbao. Akaleta pamba iliyoloweshwa sifa, yale mafuta ya papa yanayokufuata mpaka kwenye mto wa kulalia. Akaishindilia pamba tunduni, ko, ko, ko, kama anayeziba mwanya kati ya mbao mbili za jahazi. Juu yake akapaka deheni, ile chokaa iliyokandwa na mafuta, akailainisha kwa kiganja mpaka ikang'aa. Maji yakakoma.

"Haya. Mwenye kutaka kuogopa na aogope kitu chengine."

Ndipo tukapiga vigelegele.

Sasa zile nguo. Kabla ya kalafati, maji yaliyokuwa yakitoka chini ya tuta yalikuwa meupe. Ndani ya lambo maji ni mekundu, ya mvua, lakini yakipenya kwenye tuta yalitoka yamechujika, nami nikawa nayakinga kwenye beseni na kufulia vinguo vya Sabah. Jumatatu asubuhi nilikwenda na beseni langu. Tundu la baba mkwe lilikuwa kavu. Lakini hatua sita pembeni maji yalikuwa yakitoka mahali pawili papya, na nilipochovya fulana nyeupe ya Sabah ikatoka na rangi ya chai ya maziwa.

Nilisimama pale na fulana mkononi, maji yakinidondokea miguuni. Kama maji yanatoka na udongo, ni udongo wa wapi? Huko ndani hakuna kitu ila tuta lenyewe.

Nyumbani nilikuwa na chupa nne za dawa ya kikohozi ya Sabah, tupu, nilizoziosha nikaziweka kwa kuwa mimi ni mtu wa kuweka vitu. Nikajaza moja pale pale chini ya tuta, nikaiweka dirishani. Adhuhuri nikajaza ya pili, alasiri ya tatu, Jumanne alfajiri ya nne. Udongo ukashuka ndani ya kila moja na kulala chini. Katika ya kwanza ulikuwa na unene wa ukucha. Katika ya nne ulikuwa vifundo viwili vya kidole. Nikazitazama zimejipanga pale dirishani, nikaona kwamba tuta letu linahamia kwangu, chupa baada ya chupa.

Sabah alikuwa chini anavutavuta pindo la leso yangu. Huyu nilimzaa Kismayu, katika chumba cha kupanga nyuma ya bandari, mahali ambapo maji yalikuja kwa gari la punda na kwisha kabla ya adhuhuri. Siku tuliyopanda mashua kuja huku nilimnong'oneza sikioni: mwanangu, hii ndiyo safari ya mwisho, huhami tena. Alikuwa na miezi mitatu. Ahadi kwa mtoto wa miezi mitatu ni ahadi vilevile.

Nikazibeba chupa kwa mama mkwe wangu, Bimkubwa, aliyekuwa anakuna nazi.

"Mama, hebu tazama hizi."

Akazitazama moja moja akiziinua kwenye mwanga. Hakuwa na haja ya kuelezwa mara mbili.

"Umemwambia baba yako?"

"Naogopa, Mama."

"Mimi nimekaa naye miaka thelathini na minane, na mimi pia namwogopa akiwa na nyundo mkononi," akasema. "Nenda. Lakini ngoja kwanza aiweke nyundo chini."

Hakukuwa na nafasi ya kungoja. Shuaibu, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa ameyaona yale maji machafu kwa macho yake, na alasiri ile ile akaita kikao kwenye uwanja wa baba mkwe, pale jahazi jipya lilipokuwa limesimama juu ya magogo, mbavu nusu zimevikwa mbao. Shuaibu ni mtu mrefu, mwenye sauti ya kufika Burgao bila simu. Kambini, kabla ya kurudi, aliona mafuriko yakizoa mahema na watu wakiwemo. Hakuwa mwoga. Alikuwa mtu aliyekwisha kuona.

"Kesho tunalikata tuta," akasema. "Tunalikata pembeni, maji yatoke polepole, watu wabaki. Nyumba kumi na moja ziko chini ya lambo, mojawapo ni ya Fundi mwenyewe."

"Na kiangazi tunywe nini?" akadakia Mwanalima, jirani yangu, ambaye ulimi wake ungeweza kumkwangua papa magamba. "Tunywe hotuba zako, mwenyekiti?"

Watu wakacheka, lakini Shuaibu hakucheka.

"Kiangazi tutarudi Kismayu."

Kicheko kikafa. Hakuna aliyekuwa amelitamka neno lile tangu tulipofika.

"Wachu mnakimbia kavujo!" baba mkwe akafoka kutoka chini ya jahazi, kwa lafudhi yake ya kale ambayo kwayo mtu ni mchu na maji ni mai. "Mai yametoka pengine? Vyema. Pamba ninayo, sifa ninayo. Naziba na huko pengine."

"Na yakitokea pengine tena, Fundi?"

"Naziba tena! Miaka arobaini ninaziba, nitajieni chombo changu kimoja kilichozama!"

Hapakuwa na wa kumtajia, maana hakipo. Ndipo nikasimama na chupa zangu nne ndani ya kikapu.

"Ehee! Mke wa Adnani!" akasema Mwanalima, akimtaja mume wangu aliyekuwa safarini baharini. "Leo unatuuzia dawa ya kikohozi?"

"Ya tuta," nikasema. "Tuta letu ndilo linalokohoa."

Nikazipanga juu ya gogo. Nikamhamisha Sabah kutoka mgongoni hadi kiunoni ili nipate cha kushika. Nikawaambia ipi ni ya lini. Nikawaambia kwamba kabla ya kalafati maji yalitoka meupe na fulana ya mtoto ni shahidi, na kwamba tangu tulipoliziba tundu, udongo unaongezeka kila saa. Kule Kismayu nilisoma darasa la jioni la wanawake, miaka miwili, tumbo kubwa chini ya dawati na baadaye Sabah akinyonya juu yake. Mwalimu Rawda alitufundisha kuchuja maji kwa ndoo iliyotobolewa: mchanga, kokoto, mawe. Maji yanapita, taka inabaki.

"Kwa hiyo nafikiri," nikasema, "pale yanapotokea tusipazibe. Tupachuje. Maji yaachwe yapite, udongo ndio uzuiliwe."

"Astaghfirullahi," akasema baba mkwe. "Mkaza mwanangu anataka kunifundisha kuacha chombo kivuje."

Hapo nilikuwa nikae chini. Wallahi nilikwisha kukunja goti. Lakini macho yangu yakaangukia jahazi nyuma yake, na ile mianya kati ya mbao, iliyokuwa ikingoja pamba.

"Baba, naomba kuuliza. Hili jahazi utalikalafati upande upi?"

"Swali gani hilo? Nje."

"Kwa nini nje?"

"Kwa sababu mai yako nje! Yakisukuma, yanaikaza pamba. Ukiziba kwa ndani, mai yameshaingia kwenye ubao, yanaisukuma pamba ikutoke usoni." Akawageukia wanafunzi wake, akawaimbia ule wimbo wao wa kila siku: "Mchu akalafatiye ndani..."

"...amekusudia kuzama!" wakamalizia wote kwa pamoja.

"Na lambo, Baba," nikasema, sasa kwa sauti ndogo kabisa, "maji yako upande upi?"

Akatazama upande wa tuta, akatazama nyundo iliyokuwa mkononi mwake. Akaliendea jahazi, akapitisha kidole kwenye mwanya mmoja, kwa nje, kisha akaingiza mkono kati ya mbavu akapitisha kidole kwenye mwanya ule ule, kwa ndani. Uwanja mzima ulisikia ukucha wake ukikwaruza mbao.

"Nimekalafati ndani," akasema.

Akageuka akatukabili.

"Nimekalafati ndani! Miaka arobaini! Nimekalafati ndani mbele ya wachu na mukanipigia vigelegele!" Na akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Akaitupa nyundo mchangani.

"Usijali, Fundi," akasema Mwanalima. "Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husamehewa."

Shuaibu alingoja kicheko kipungue. "Mwanamwema," akaniita kwa jina langu, "maneno yako nimeyaelewa. Lakini watu wa nyumba kumi na moja siwaweki kwenye maneno. Nani mwenye kazi hii amekuambia?"

"Bado hakuna," nikajibu. "Nitauliza sasa hivi."

Kichangani mtandao unapatikana mahali pamoja tu: juu ya tuta. Basi nikapanda juu ya kile kile tulichokuwa tunakiogopa, kijiji kizima chini kinanitazama, nikampigia Mwalimu Rawda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nina kaka yangu, Sabir, huwajengea wafugaji malambo huko bara. Nitumie picha." Nikapiga picha tundu, chupa na tuta. Kabla ya magharibi ukaja ujumbe wa sauti, kwa Kisomali. Nikauweka kwa sauti ya juu kabisa, Shuaibu kapanda amesimama kando yangu akisikiliza kwa masikio yake.

"Dada," alisema Sabir, "aliyeziona hizo chupa ana macho. Ondoeni hiyo pamba. Panapotokea maji wekeni mchanga safi wa chembe kubwa, juu yake kokoto, juu yake mawe mazito. Udongo wa mfinyanzi upande huo hata kiganja msiweke. Halafu lipunguzeni lambo, mlitafute tundu upande wa maji, kwa sababu lipo. Na mkondo wa pembeni wa kutolea maji yaliyozidi uko wapi? Kwenye picha siuoni. Watu wa chini wahame mpaka maji yatoke meupe, na yakizidi kuchafuka, msibishane na mtu: ondokeni."

Nikawatafsiria waliokuwa chini, na nilipofika kwenye neno la mkondo wa pembeni, watu wakaanza kutazamana miguu. Babu zetu walikuwa wameuacha, mkato mpana ubavuni mwa bonde. Sisi wenyewe tuliuziba kwa magunia ya udongo, kwa uchu, tupate maji mengi zaidi. Gunia la kwanza alilibeba Shuaibu. La pili nililibeba mimi.

"Haya," akasema Shuaibu. Akashusha sauti, na kwake yeye hilo lilikuwa jambo la kuandikwa. "Watu wa nyumba za chini wanahamia msikitini, kilimani, leo. Nawapeni mpaka Ijumaa baada ya sala. Maji yakiwa meupe, tuta linabaki. Yakiwa machafu, nalikata kwa mkono wangu, na mtu asinililie."

Kesho yake asubuhi tuliyang'oa magunia. Maji yakaingia mkondo wa pembeni kwa aibu kwanza, kisha kwa kelele, yakashuka ubavuni kwenda porini mbali na nyumba. Tukachomeka kijiti lamboni chenye alama, tukaona maji yakiiacha alama moja baada ya nyingine.

Kisha pamba. Baba mkwe aliing'oa mwenyewe. Hakumruhusu mtu. Maji yakaruka mekundu, na sisi wanawake tukawa tayari na makarai ya mchanga, mstari kutoka vilima vya pwani hadi pale, karai kichwani, karai mkononi. Bimdogo, dada yake Bimkubwa, akaanzisha wimbo wa harusi kwa kuwa hakuna aliyejua wimbo wa lambo. Tukamwaga karai ishirini. Mchanga ukachemka kama uji, ukainuka, ukachukuliwa wote. Tukamwaga arobaini. Ukachukuliwa wote. Maji yakabaki mekundu.

Wanaume waliokuwa na majembe wakamtazama Shuaibu. Shuaibu akatazama mbingu, zilizokuwa zinakusanya mawingu upande wa kusini.

"Nyinyi mmechota mchanga wapi?" akauliza Bimkubwa. Alikuwa ameshika konzi moja ya mchanga, anausugua kati ya vidole.

"Vilimani, Mama. Ndio safi."

"Ndio unga! Huu upepo ndio uliouleta hapa, maji yatashindwa kuuondoa? Huu mtu hasugulii sufuria. Mimi sufuria zangu nasugua kwa mchanga wa chini, pale wimbi linapokatika, wenye vigae vya kome na chaza. Ule ukikwama kwenye sufuria hautoki ng'o."

Mwanalima akaweka karai lake chini. "Miaka yote nashangaa sufuria zake zinavyong'aa, kumbe alikuwa ananificha."

Tukakimbia. Nasema tukakimbia, wanawake wazima na leso zetu viunoni, mpaka pale wimbi linapokatika, tukarudi na mchanga mzito, mweupe kwa vipande vya makome. Karai la kwanza likazama na kukaa. La pili likakaa. Kufikia la thelathini maji yalikuwa yanapenya katikati yake kwa upole, kama jasho. Juu tukatia kokoto za matumbawe, juu ya kokoto mawe, na kila jiwe baba mkwe alilipanga kama anayepanga meno ya mtoto. Pale pawili pa pembeni tukafanya vivyo hivyo. Maji bado yalikuwa na rangi. Lakini ilikuwa rangi ya chai bila maziwa.

Alhamisi ilikuwa siku yake. Maji ya lambo yalikuwa yameshuka kiasi cha dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Akaja na gunia la vumbi la msumeno kutoka uwanjani kwake, akatembea ukingoni akilinyunyiza juu ya maji kama mtu anayelisha kuku. Vumbi likaelea, limetulia, hatua baada ya hatua. Kisha mbele ya mti mmoja wa mkoma uliokauka, likaanza kusogea. Likajikusanya. Likazunguka taratibu, duara dogo la dhahabu, na kuzama.

"Hapo ulipo, mwanaharamu wewe," akanong'ona, kisha akakumbuka kuwa mimi nipo, akajikohoza.

Alivua kanzu akabaki na kikoi, akaingia. Huyu ni mtu aliyezamia kamba wa miambani ujanani mwake, huko kisiwani Chovae, kabla ya kushika patasi. Alikaa chini mpaka Bimkubwa akaacha kujifanya hatazami. Akaibuka na matope kwenye ndevu.

"Shimo la kenge! Mkono unaingia mpaka begani! Tumelirudisha tuta, yeye hatukumuuliza kama amehama."

Wakamkabidhi madonge ya udongo wa mfinyanzi uliokandwa, akashindilia moja baada ya jingine, akizama na kuibuka. Kisha wanafunzi wake wakashusha tanga kuukuu la mashua, lililokunjwa mara mbili, wakalitandaza juu ya mdomo wa shimo, wakalikandamiza kwa mawe. Na pale maji yenyewe yakafanya kazi: yakalisukuma tanga likaganda tutani kama ngozi.

"Mnaona?" akapiga kelele akiwa ndani ya maji hadi kidevuni. "Mai yanaikaza! Yanaikaza yenyewe! Sasa nimekalafati!"

Na ko, ko, ko, akagonga jiwe la mwisho kwa ngumi.

Ijumaa nilikwenda chini ya tuta mara tatu kabla ya adhana na mara tatu nikarudi bila kuthubutu kujaza chupa, kwa sababu kama ni jibu baya nilitaka lije mara moja tu. Baada ya sala wanaume wakashuka kutoka msikitini, wanawake tukawafuata, tukasimama chini ya tuta. Majembe yalikuwa yameegemezwa kwenye mti, yanangoja.

Nilipiga magoti, nikaweka mdomo wa chupa chini ya yale mawe, ikajaa. Nikaifuta kwa leso bila kuitazama. Nikatoa kikaratasi nilichokuwa nimekiandika asubuhi kwa kalamu, neno moja, herufi ndogo za kawaida, nikakiweka nyuma ya chupa na kumpa Shuaibu.

"Mwenyekiti, soma."

"Nisome nini?"

"Kilichoandikwa. Kama maji ni machafu hutaweza."

Akainua chupa kwenye jua. Jicho moja akalifumba. Nilisikia maji yakitoka, mchirizi mdogo, ule ule wa mwanzo kabla hatujajua lolote.

"Sabah," akasoma.

Na mwanangu, aliyekuwa mikononi mwa Bimkubwa, akasikia jina lake likiitwa na ile sauti ya kufika Burgao, akageuka na kuitika: "Eee?"

Sijui nani alianza. Najua Shuaibu alinirudishia chupa na Mwanalima akanikumbatia mpaka ikanusurika kuvunjika, najua Bimdogo alipiga kigelegele ambacho hakikwisha mpaka alipokosa pumzi, na najua Shuaibu aliyaendea majembe, akayabeba yote kifuani, akayarudisha ghalani mwenyewe. Alipopita karibu nami akasema, "Hiyo chupa nipe. Nataka kukaa nayo." Nikampa pamoja na kikaratasi chake.

Mvua kubwa ilikuja Jumatatu asubuhi, ile tuliyokuwa tunaiogopa, ya matone ya kuuma. Ilinyesha mpaka adhuhuri. Watu wa nyumba za chini tulikuwa bado kilimani kwa amri ya Shuaibu, na tuliona yote. Tuliona lambo likipanda, likipita alama ya kwanza ya kijiti, ya pili, ya tatu. Likafika mdomo wa mkondo wa pembeni. Na pale likageuka. Maji yote yaliyozidi yakaingia mkondoni, mekundu, yakinguruma, yakitupa mapovu, yakateremka porini kwa njia ambayo babu zetu waliyachimbia, na juu ya tuta hakikupita hata kikombe kimoja. Mvua ilipokatika nilishuka mbio na chupa. Nyeupe.

Jioni hiyo tulirudi kulala nyumbani. Godoro la Sabah lilikuwa kavu.

Siku ya pili yake baba mkwe akaniita uwanjani. Alikuwa amepiga randa ubao mmoja wa mkoko, mzuri, uliokusudiwa jahazi.

"Chombo kikishuliwa majini hupewa jina," akasema. "Na hili lambo limeshuliwa jana, na halikuzama. Mimi kuandika sijui, wewe umesoma. Chukua hiki kipande cha mkaa uandike, nami nitachonga juu yake."

"Niandike jina gani, Baba? La babu?"

"Si jina. Andika hivi." Akakohoa, akasimama wima kama anayetoa khutba. "Mai yako huku."

Nilimtazama. "Baba, si mtu atayaona tu?"

"Mimi niliyaona, mwanangu? Nilikuwa na macho mawili na miaka arobaini." Akanionyesha ubao kwa kidevu. "Andika kubwa. Na mshale utie."

Niliandika kubwa, vilevile alivyolitamka, na mshale nikautia. Alichonga siku mbili. Alhamisi tukaupandisha juu ya tuta, Bimkubwa na ubani wake, Mwanalima na maneno yake, wanafunzi wakiwa wanabana vicheko kwa viganja, na baba mkwe akaupigilia ubao ule upande wa maji, kwa nyundo ile ile ya mbao. Kisha akawapanga wanafunzi mbele yake, akausogeza ule wimbo wao mbele kidogo.

"Mchu akalafatiye lambo..."

Wakatazamana. Hawakujua jibu.

Sabah, kwenye kiuno changu, akanyoosha kidole chake kwenye maji.

"Ahsante," akasema baba mkwe. "Mmoja keshafaulu."